Anahitajika Binti Mwenye Mvuto

Leo tuanze kwa kusoma tangazo.

"Anahitajika binti wa kuuza duka la vipodozi, Sinza. Umri miaka 18 hadi 25. Awe na mvuto, awe na uzoefu usiopungua miaka 5, asiwe na mtoto, awe anakaa jirani. Mshahara maelewano. Tuma picha mbili WhatsApp, moja ya mwili mzima. Kwa maelezo piga simu, meseji hazijibiwi."

Usihangaike kumtafuta mwenye duka. Tangazo hili nimeliunga mwenyewe kutoka kwenye mengi ninayoyaona yamebandikwa kwenye nguzo za umeme, kwenye milango ya vioo Kariakoo, na yanayotumwa kwenye makundi ya WhatsApp usiku watu wakiwa wamelala. Lakini sidhani kama kuna sharti hata moja lililokushangaza. Umeshayasoma yote. Pengine umeshayaandika.

Sasa tuangalie nani wamefungiwa nje. Wanaume wote, kwa neno la pili tu. Wanawake wote waliovuka miaka 25, hata yule aliyeuza vipodozi miaka kumi na anaijua kila losheni kwa harufu yake. Kila mwenye mtoto. Kila ambaye sura yake haitamfurahisha mwenye duka, maana mvuto hauna mizani, unapimwa kwa macho ya anayeangalia. Yule anayekaa Gongo la Mboto, ambaye angedamka alfajiri akapanda daladala na kufika kabla ya kufungua. Na kiziwi, ambaye hawezi kupiga simu, na meseji hazijibiwi. Halafu kuna hesabu ya miaka: binti wa miaka 18 mwenye uzoefu wa miaka 5 alianza kuuza duka akiwa na miaka 13. Huyo si mwombaji kazi, huyo ni kesi ya ustawi wa jamii.

Na katika sentensi zote hizo, kuna jambo moja halikuguswa: kazi yenyewe. Je, muuzaji atahesabu stoo? Atafunga mahesabu jioni na kutuma fedha kwa simu? Ataagiza mzigo mwenyewe? Duka linafungwa saa ngapi? Hatujui. Tumeambiwa mtu anavyopaswa kuonekana, hatujaambiwa anakwenda kufanya nini.

Mimi siamini kwamba mwenye tangazo la namna hii ni mtu mbaya. Nadhani kinachotokea ni kitu cha kawaida sana. Alikuwa na msichana dukani, akamzoea, msichana akaondoka. Bosi akakaa chini kuandika tangazo, na kilichomjia kichwani si orodha ya kazi, ni yule msichana: umri wake, umbo lake, kwamba alikuwa hana mtoto na alikaa nyumba ya tatu kutoka dukani. Akamchora. Tangazo likawa picha ya mtu aliyekwisha kuondoka, na sasa anatafutwa pacha wake. Wengine hata hawachori, wananakili tangazo la duka la jirani na kubadilisha namba ya simu.

Hapa kuna jambo la ajabu kidogo kwetu sisi tunaosema Kiswahili. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wamepigana vita virefu na lugha zao kwenye suala hili. Mjerumani akitaja fundi, mhasibu au mwalimu, kwa kawaida neno lenyewe linaonyesha jinsia, kwa hiyo leo matangazo mengi ya kazi nchini mwake huambatana na herufi tatu kwenye mabano, m, w na d, kuonyesha kwamba nafasi ni ya mwanaume, mwanamke na yeyote asiyejihesabu katika hizo mbili. Uingereza ilipotunga sheria ya ubaguzi wa jinsia mwaka 1975, ilibidi iseme waziwazi kwamba kutumia cheo chenye jinsia ndani yake, kama kile cha mhudumu wa kiume wa mezani au msichana wa dukani, kutachukuliwa kuwa ni dalili ya nia ya kubagua, mpaka tangazo lenyewe lionyeshe vinginevyo.

Marekani vita vilikuwa vikali zaidi, na vilivuka maneno vikafika kwenye kurasa zenyewe. Magazeti yalikuwa na safu mbili za nafasi za kazi, moja ya wanaume na nyingine ya wanawake, na kama wewe ni mwanamke ulijua ukurasa wako uko wapi: ukarani, uuguzi, uuzaji. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilikataza ubaguzi wa kijinsia kazini, lakini safu hazikufa siku hiyo. New York Times liliziacha mwaka 1968. Gazeti la Pittsburgh Press liligoma, likaenda hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo likidai uhuru wa vyombo vya habari. Mwaka 1973 likashindwa, kura tano kwa nne. Kura moja tu, msikilizaji. Majaji wanne walikuwa tayari kuziacha safu zile ziendelee.

Sisi hatukuwa na vita hivyo kwenye sarufi. Daktari ni daktari, dereva ni dereva, mlinzi, mpishi, mhasibu, fundi, vivyo hivyo. Machi 2021 Samia Suluhu Hassan alipoapishwa, hakuna aliyelazimika kutafuta neno jipya la cheo chake. Rais ni Rais, na Amiri Jeshi Mkuu ni Amiri Jeshi Mkuu. Ukiandika "anahitajika mhasibu", umeita kila mhasibu. Kwa hiyo Mswahili anayemfungia mtu nje kwa jinsia yake hawezi kuisingizia lugha. Ameongeza neno kwa mkono wake mwenyewe: binti, dada, kijana wa kiume. Amefanya kazi ya ziada ili abague.

Na sheria inamwona. Watu wengi hudhani sheria ya kazi inaanza siku unaposaini mkataba. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, umri, kabila, dini na mengine kadhaa, na inamhesabu mwombaji kazi kama mfanyakazi kwa ajili ya kifungu hicho. Sera na taratibu za ajira inazozungumzia zinajumuisha utangazaji wa nafasi na vigezo vya kuchagua. Maana yake ile karatasi kwenye nguzo ya umeme imo. "Asiwe na mtoto" ni majukumu ya familia. "Asiwe ameolewa" ni hali ya ndoa. Kenya nao, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inamlinda hata anayetarajia kuajiriwa.

Utaniuliza, mbona basi karatasi zimejaa mtaani? Kwa sababu anayesoma sharti na kujiona hafai hageuki kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anageuka kwenda kutafuta kazi kwingine. Ana nauli ya siku moja na haitumii kwenye mashauri.

Kuna sharti moja nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu linachekesha watu na halipaswi kuchekesha. Ni lile la mvuto na picha ya mwili mzima. Mwenye duka atakwambia ni biashara, wateja wanapenda kuhudumiwa na mtu anayependeza. Nikimwelewa vizuri, anachotaka ni mtu msafi, nadhifu, mwenye kauli nzuri kwa mteja. Haya yote yanaandikika, na mwanaume anaweza kuwa nayo, na mama wa watoto watatu pia. Lakini neno mvuto linafungua mlango mwingine kabisa. Binti anayetuma picha ya mwili mzima kwa namba asiyoijua, ili apate kazi ambayo mshahara wake ni maelewano, ameshaambiwa kabla ya usaili kwamba mwili wake umo kwenye mazungumzo. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na ikitendeka tunashangaa ilianzaje. Mara nyingine ilianzia kwenye tangazo.

Upande wa pili wa mtaa kuna tangazo la kaka yake: "Anahitajika kijana wa kiume mwenye nguvu, mpambanaji, kwa ajili ya stoo ya vifaa vya ujenzi." Ukisoma hivi unamwona mtu wa misuli anabeba saruji. Sasa nenda kwenye stoo yenyewe ukae asubuhi moja. Mfuko wa saruji ni kilo 50, na anayeubeba kutoka kwenye gari ni kibarua anayelipwa kwa mzigo. Mtunza stoo amesimama mlangoni na daftari. Anahesabu mifuko inavyoingia, analinganisha na hati ya mzigo, anaandika kwenye leja, anagombana na dereva kuhusu mifuko miwili iliyochanika, anatoa nondo kwa fundi baada ya kuona risiti. Kazi yake ni kuhesabu, kuandika na kutoogopa kubishana. Misuli imeingiaje hapo?

Na hata pale misuli inapohitajika kweli, iandike kama kazi, si kama jinsia. Andika: "Kazi inahusu kubeba mifuko ya kilo 50 mara nyingi kwa siku." Atakayeona hawezi atajiengua mwenyewe, awe mwanaume au mwanamke. Anayeweza atakuja. Saiti zetu zina wanawake wanaobeba ndoo za zege kupanda ngazi za mirunda tangu asubuhi hadi jioni, na hakuna aliyewaandikia "kijana mwenye nguvu".

Neno mpambanaji nalo lina uzito wake. Mwaka 2011 watafiti watatu, Danielle Gaucher, Justin Friesen na Aaron Kay, walichapisha utafiti kuhusu matangazo ya kazi ya Kiingereza. Waligundua kwamba matangazo ya fani zilizojaa wanaume yana maneno mengi ya ushindani, ubabe na kutawala kuliko yale ya fani zilizojaa wanawake. Kisha wakawapa watu wasome matangazo yaliyoandikwa kwa namna hizo mbili. Wanawake waliosoma yale ya kibabe waliona kazi haiwavutii, na sababu haikuwa kwamba walijiona hawana uwezo. Walihisi kwamba pale si mahali pao. Kiswahili kinafanya jambo hilo kwa maneno yake: jeshi la mauzo, mwenye roho ngumu, kijana asiyelala. Kijana, kwa kamusi, ni yeyote mwenye umri wa ujana, lakini kwenye tangazo la kazi Dar es Salaam wengi wakilisikia humwona mvulana. Ukitaka kuita wote, andika mtu, au taja kazi: muuzaji, msambazaji, mtunza stoo.

Nije kwenye lile hasa linalowasumbua waajiri, na sitaki kulipita kama halipo. Mwajiri mdogo anaogopa likizo ya uzazi. Anajua sheria inampa mama siku 84 zenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Duka lake lina mtu mmoja. Anajiuliza nani atauza. Hofu hiyo ni ya kweli, ila dawa anayoichagua haiponyi. Amewaacha wanawake wenye watoto, ambao baadhi yao wamemaliza kuzaa, akamchukua binti wa miaka 20 ambaye hajaanza. Kama ni hesabu ya likizo tu, amejipiga mwenyewe.

Lingine ni la usiku. "Mwanaume tu, kwa sababu tunafunga saa 5 usiku." Hapa mwajiri anaamini anawahurumia wanawake, na huenda ni kweli. Lakini usiku haumuumi mwanamke peke yake. Kijana wa kiume naye anakabwa pale kituoni. Andika ukweli na uandike ulichofanya kuuhusu: "Kazi inaisha saa 5 usiku. Bajaji ya ofisi inarudisha wafanyakazi hadi Ubungo." Kama huna bajaji, andika tu saa, mwache mtu mzima aamue mwenyewe. Kuna mwanamke anayeishi nyumba ya pili kutoka hapo, na kuna mwanaume anayeishi Chanika.

Halafu kuna kazi ambazo jinsia imo ndani ya kazi yenyewe, na sheria yetu inalijua hilo. Mlezi wa bweni la wasichana, askari wa kupekua wanawake kwenye lango la ukaguzi, mtoa huduma kwenye hamamu ya wanawake: hapo hakuna ubaguzi, ni hitaji la msingi la kazi. Suala la dada wa kazi za ndani ni gumu zaidi. Nyumba haina chumba cha ziada, mfanyakazi atalala na mabinti wa mwenye nyumba, familia inajali stara. Siwezi kumwambia mama huyo aandike "mtu yeyote". Lakini hata yeye akiandika kazi badala ya sura, tangazo lake linabadilika: watoto wawili, mmoja wa mwaka mmoja, kupika, kufua, Jumapili mapumziko, mshahara kiasi fulani, chumba cha kulala na mabinti. Akifika hapo, ile "asiwe mweusi sana" na "awe wa kabila fulani", ambazo zinaandikwa hadi leo, hazina pa kukaa.

Watu wenye ulemavu tunawatoa kimya kimya zaidi, mara nyingi bila neno ulemavu kutajwa. "Awe na leseni ya udereva", wakati kazi ni ya uhasibu na gari lenyewe halipo. Kasema leseni, kamtoa asiyeona. "Lete maombi kwa mkono, ofisi ipo ghorofa ya nne", na lifti haifanyi kazi tangu Idi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya wenye ulemavu. Waajiri hulalamika kwamba hawaombi. Wataombaje kama njia ya kuomba ni simu ya sauti na ngazi? Ongeza mstari mmoja: "Unaweza kutuma meseji, na kama unahitaji utaratibu maalumu siku ya usaili tujulishe." Gharama yake ni wino.

Kwa hili niwape haki yao Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Matangazo yao ni marefu, yanachosha, na lile sharti la cheti cha kuzaliwa kuthibitishwa na wakili linamgharimu mtu asiye na kazi. Lakini yana mpangilio ambao duka la Sinza lingeweza kuuiga bure: majukumu yanatajwa, kisha sifa, kisha ngazi ya mshahara, na waombaji wenye ulemavu wanahamasishwa kuomba na kueleza hali yao kwenye mfumo. Ukomo wa umri wao ni miaka 45, nao ni ukomo, lakini 45 na 25 ni nchi mbili tofauti.

Ngazi ya mshahara, hasa. "Mshahara maelewano" inaonekana haina ubaya, wala haimtaji mtu. Lakini maelewano yana mshindi wake: aliyezoea kupanga bei, aliyewahi kuajiriwa, mwenye binamu ofisini aliyemnong'oneza wenzake wanalipwa ngapi. Dada aliyetoka Singida juzi atataja kiasi kidogo kwa woga, na atapewa hicho hicho. Miezi sita baadaye anagundua anayekaa naye kaunta analipwa karibu mara mbili yake. Taja kiasi, au taja kuanzia hapa hadi pale.

Na tangazo likishaandikwa vizuri linabandikwa wapi? Ukilipeleka kijiweni kwa bodaboda na kwenye kundi la WhatsApp la wanaume mliosoma pamoja, watakuja wanaume, hata kama umeandika kwa usawa wa malaika. Bandika saluni. Bandika kliniki ya mama na mtoto, ofisi ya serikali ya mtaa, mpe mwenyekiti wa kikoba alisome kwenye kikao. Tuma kwa vyama vya watu wenye ulemavu wilayani kwako. Soma hata redioni, tupo.

Najua kuna bosi ananisikiliza hapa na kunung'unika: nikifungua mlango namna hiyo nitapata maombi 300 badala ya 30, nani atayasoma? Ni swali la haki. Ila huko nyuma hakuwa anachagua kati ya 30 bora; alikuwa anachagua kati ya 30 waliofanana. Kupunguza 300 kunahitaji kipimo cha kazi, na kwa duka au stoo kipimo hicho hakimalizi nusu saa. Mpe kila aliyefika daftari, risiti kumi za jana na kikokotoo, mwambie afunge mahesabu. Mwingizie mteja mmoja mkorofi katikati. Wasiopatanisha jumla utawajua kabla chai haijapoa, na hutakuwa umemuuliza hata mmoja wao ana watoto wangapi.